Jani la Mei si Jani la Septemba

Mbuzi wa bibi yangu pale Mkwaja hawakuhitaji kuambiwa majira. Vuli ikishashika na migunga kuchipua, waliacha nyasi wakasimama kwa miguu ya nyuma, wakawa wananyonyoa vijani laini katikati ya miiba bila kujali sisimizi waliokuwa wakiwamiminikia puani. Ikifika Agosti, mti uleule, ungali na majani, waliupita bila hata kuugeukia. Bibi alikuwa na maelezo yake: mti umeshameza utamu wake. Sikumhoji. Mtoto wa pwani ana mengi ya kufanya Agosti, kusi likivuma na wavuvi wamekaa ufukweni wakishona nyavu.

Kwa asiyepajua, Mkwaja ni kijiji cha wilaya ya Pangani, kusini ya mto Pangani, njia ya kuelekea Saadani. Mbele kuna bahari na minazi, nyuma kuna bara la miiba. Bara hilo ndilo lililomwajiri baba. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge mkoani Tanga, ilianzisha ranchi huko ili ipate nyama ya kuwalisha wafanyakazi wake. Eneo lilizidi kilomita za mraba 400, na katika miaka yake ya neema ranchi ilifuga ng'ombe zaidi ya 10,000, wengi wao Boran. Mbung'o walikuwa hawahesabiki. Ng'ombe wale waliishi kwa sindano za kinga dhidi ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, na waliishi vizuri kiasi kwamba mwaka 1985 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa kilichapisha taarifa nzima juu yao. Baba hakuwahi kuiona taarifa hiyo. Aliwajua ng'ombe.

Mbung'o, hata hivyo, ana dawa. Baba alimwogopa zaidi mgunga. Wanasayansi waliuita Acacia zanzibarica, na siku hizi wameuhamishia kwenye jina la Vachellia zanzibarica. Ni mti wa miiba mirefu, mingine ikiwa imevimba na kuwa na uwazi ndani ambamo sisimizi hufanya makazi. Upepo ukipita kwenye matundu yao unasikia mluzi. Mti huu unapenda mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata masika na kupasuka nyufa za kuingiza mguu wakati wa kiangazi. Ng'ombe walikula nyasi, nyasi zikapungua, moto wa kila mwaka ukakosa cha kuunguza, na miche ya migunga iliyokuwa ikibabuka kila mwaka ikapata nafasi ya kurefuka mpaka miali isiifikie vilele. Wakaanza kukata. Mti ukikatwa unachipua shinani, vichipukizi vingi kuliko shina la kwanza. Malisho yakageuka msitu wa miiba mbele ya macho yao.

Ranchi ilifungwa mwaka 2000. Ardhi yake ikaunganishwa na iliyokuwa hifadhi ya wanyama ya Saadani, na mwaka 2005 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Katika miaka hiyo ya mpito walikuwa wakija watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, kuchunguza nini hutokea ng'ombe wakiondoka na wanyamapori wakirudi. Nami, kijana wa hapo niliyeijua njia ya kila zizi la zamani, nikapata kibarua cha kuchuma majani.

Kazi hiyo ilichekesha watu. Mzee mmoja aliyechunga pamoja na baba alinikuta nimebeba mifuko ya kaki begani.

"Mwanangu, wanakulipa uwachumie majani ya mbuzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi waambie wafanye haraka. Mwezi ujao watakuta makapi."

Kuchuma kwenyewe kulikuwa na masharti. Usichume kichipukizi wala jani lililochakaa. Chukua lililokwisha kukomaa. Chuma upande unaopigwa na jua. Usichanganye mti wa bondeni na wa mwinuko. Tena kwenye mfuko, kabla hujaandika jina la mti wala namba ya kiwanja, andika tarehe. Mfuko usio na tarehe ulitupwa, hata kama majani yake yalikuwa mazuri namna gani. Nilijifunza hapo kwamba swali "jani la mgunga lina naitrojeni kiasi gani?" ni swali nusu. Nusu ya pili ni "lini?"

Nieleze kidogo kwa nini naitrojeni ndiyo iliyosakwa. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua hivyo ilivyo. Baadhi ya miti, mgunga ukiwemo, imeingia ubia na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi: mti unawapa sukari, wao wanaugeuzia naitrojeni ya hewa iwe chakula. Naitrojeni hiyo ndiyo hujenga protini. Wataalamu wa malisho hupima naitrojeni ya jani, wakazidisha kwa 6.25, wakapata protini ghafi. Jani lenye naitrojeni asilimia 3 lina protini ghafi karibu asilimia 19. Nyasi zikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya protini, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa nguvu ya kuzisaga. Mnyama anakula akashiba na bado anakonda. Nyasi ndefu za pwani, zikishatoa mashuke na kukauka, hufika huko kila mwaka.

Sasa turudi kwenye utamu unaomezwa. Jani changa ni karibu lote chembe hai zinazogawanyika, na kazi hiyo inataka naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Kwa hiyo kichipukizi ndicho chenye asilimia kubwa kuliko jani lolote litakalofuata. Jani likipanuka linajaza kuta ngumu, nyuzi na tanini. Naitrojeni ni ileile ila sasa imetandazwa kwenye mwili mkubwa zaidi, asilimia ikashuka. Hiyo ni hatua ya kwanza, nayo hutokea mvua ikiwa bado inanyesha. Hatua ya pili huja ardhi ikikauka. Mti haungoji jani lianguke na mali yake. Unavunjavunja protini za jani, unavuta naitrojeni na fosforasi kurudi kwenye matawi na shina, na ndipo unaliachia jani, kama mpangaji anayefungasha vyombo kabla mwenye nyumba hajaamka. Wastani uliopatikana duniani kwa mimea ya namna nyingi ni kwamba karibu nusu ya naitrojeni na nusu ya fosforasi hurudishwa hivyo. Kalsiamu haihamishiki, hivyo jani linavyozeeka ndivyo kalsiamu inavyochukua sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki. Ukipima jani la Septemba ukaona madini "yameongezeka", uliza kwanza ni madini gani.

Bibi, basi, alikuwa ameeleza fiziolojia ya mimea kwa sentensi moja. Sikumwambia hivyo, angeniuliza kama ndiyo hayo tuliyokuwa tukilipwa kuyatafuta.

Kuna jambo moja linaloitenga miti ya jamii ya kunde. Mti unaojipatia naitrojeni hewani mara nyingi hauhangaiki sana kuirudisha kutoka kwenye jani linalokufa. Majani yake huanguka yakiwa bado na naitrojeni ya kutosha kunenepesha udongo. Fosforasi hali ni nyingine, maana hiyo haina ghala hewani, na mti huishika sana. Jani la mgunga lililodondoka lina naitrojeni ya kugawa, na fosforasi kidogo sana. Nitalirudia hili.

Siku nilizozipenda kuliko zote zilikuwa za kuchimba. Tulichimba miche midogo, kwa kuwa mizizi ya mti mzima imekwenda mbali na vinundu vyake ni taabu kuviona. Unachimba pembeni kwa uangalifu, unaosha tope, halafu unapasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, au waridi, kinafanya kazi: rangi hiyo inatoka kwenye protini inayofanana na ile ya damu yetu, nayo inadhibiti oksijeni isiwadhuru bakteria. Kikiwa cha kijani kimechoka. Kikiwa cha kahawia na kinabonyea, kimekufa. Mvua zikishatulia udongoni bila kutuama ndipo wekundu ulipopatikana. Mahali palipotuama maji katikati ya masika, mfinyanzi ukiwa umejaa mpaka hauna hewa, mche ungeweza kuwa umesimama majini na vinundu vyake vimezimia. Kiangazi kilipopasua ardhi, vingi vilikuwa vimesinyaa au vimeanguka kabisa. Watu husema "mti huu unarutubisha udongo" kana kwamba ni kazi ya mwaka mzima. Una majira yake ya kazi, na si mapana.

Kazi yenyewe ni ghali. Kugeuza molekuli moja ya naitrojeni ya hewani kunamgharimu bakteria angalau molekuli 16 za ATP, sarafu ya nguvu ya viumbe vyote, na ATP haitengenezwi bila fosforasi. Ndiyo maana mti wenye njaa ya fosforasi hulegea hata katika kutafuta naitrojeni. Na udongo ukishakuwa na naitrojeni nyingi, mti hupunguza kuwalisha wale bakteria: kwa nini ununue kilichomwagika mlangoni?

Hayo ndiyo watafiti waliyokuwa wakiyafuatilia Mkwaja, na walichokiona kinastahili kujulikana zaidi ya maktaba za Ulaya. Penye migunga iliyosongamana, udongo ulikuwa na naitrojeni nyingi kuliko penye nyasi tupu. Nyasi za mahali pa wazi, panapoungua mara kwa mara, zilionyesha upungufu wa naitrojeni. Chini ya migunga upungufu uliegemea kwenye fosforasi. Kipimo kinachotumika sana kwa hili ni uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi ndani ya jani: chini ya 14 mmea huhesabiwa kuwa na njaa ya naitrojeni, juu ya 16 njaa ya fosforasi. Mti unaosifiwa kwa kuleta kirutubisho kimoja huishia kukifichua kingine kilichopungua.

Moto ni sura nyingine ya hadithi hiyohiyo. Nyasi zikiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupanda na moshi. Fosforasi nyingi hubaki kwenye majivu. Anayechoma kila mwaka anaifukuza naitrojeni na kuiacha fosforasi, na mgunga hufanya kinyume chake. Baba aliyasema haya kwa lugha ya kazi: penye moto nyasi ni ndefu na hazishibishi, penye miiba nyasi ni fupi na tamu, ila nani atawapitisha ng'ombe mle?

Na yale mazizi ya zamani? Hapo ndipo nilipomwona baba akitabasamu kwa kazi yake ya zamani. Ng'ombe walilisha mchana kwenye kilomita nyingi za nyika na kulala usiku mahali pamoja. Kila usiku walileta zizini naitrojeni na fosforasi walizozikusanya mbali, wakaziacha kwa mbolea na mkojo. Ranchi ilipofungwa, sehemu hizo zilibaki na nyasi fupi za kijani, na ngiri, kuro na tohe wakazigundua. Watalii wa leo wanaosimamisha gari kupiga picha za wanyama kwenye uwanda mzuri wa majani mafupi hawajui kwamba huenda wanatazama kitanda cha ng'ombe wa Amboni.

Jambo lililonibadilishia kilimo changu halikutoka Uswisi, lilitoka Muguga, karibu na Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa udongo H. F. Birch, akiwa katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa hufumka: vijidudu vinaamka, vinavunja mabaki ya mimea kwa kasi, na naitrojeni nyingi inaachiliwa kwa muda mfupi. Wanasayansi wa dunia nzima huuita mpumuo huo kwa jina lake. Maana yake kwa mkulima ni nyepesi. Mvua ya kwanza inatoa mbolea ya bure, na haingoji. Mbegu ikichelewa, mvua zinazofuata zinaizamisha mbolea ile chini ya mizizi. Ardhi yenye majani ya miti ya kunde yaliyoangukia hapo kiangazi ina kingi cha kufumka. Ardhi iliyochomwa ina kidogo. Wazee wa Kizigua waliopanda mahindi kwenye vumbi, mawingu yakiwa bado baharini, hawakuwa na pupa.

Nina shamba nyuma ya kijiji, lenye lusina na glirisidia kwenye mipaka. Mkoa wa Tanga uliijua lusina tangu miradi ya ng'ombe wa maziwa ya miaka ya 1980, na wengi waliikatia tamaa mwaka 1992 wadudu wadogo wanyonyaji walipoingia pwani ya Kenya na Tanzania wakaipukutisha. Ilirudi, kwa shida. Mimi hukata majani ya miti hiyo kwa sababu mbili tofauti. Majani ya udongo nayakata kabla tu ya kupanda na mengine mahindi yakifika magotini, yakiwa mabichi, maana glirisidia huoza ndani ya wiki chache na kirutubisho kinachotoka wakati mahindi hayana mizizi ya kukidaka ni hasara. Majani ya mifugo nayakata Mei na Juni, mti ukiwa bado haujaanza kuvuta mali yake. Nayaanika kivulini, nayatia kwenye viroba, nayatunza mpaka Septemba. Jirani anayesubiri Septemba ndipo akate anapata viroba vilevile, uzito uleule, na mbuzi wake wanabaki wanalia. Tahadhari moja: lusina ina sumu iitwayo mimosini, hivyo isizidi theluthi ya chakula cha mbuzi au ng'ombe.

Kuna mti mmoja unaopindua kalenda hii yote, nao ni mkababu. Wenyewe huvaa majani kiangazi na kuyavua masika. Mkulima anapanda mahindi chini ya mti mtupu usiomzibia jua, juu ya ardhi iliyotoka kupokea majani yake, na mifugo hupata majani na maganda wakati kila kitu kingine kimekauka. Kama ningekuwa na ardhi ya bondeni bara, ningeanza na huo.

Nichomekee jambo linalonikera kwenye mikutano ya kupanda miti. Si kila mti wenye maganda ya kunde unavuta naitrojeni. Mjohoro, uliojazwa kando ya barabara na kwenye viwanja vya shule, hauna vinundu. Mkwaju tunaoukalia kivuli nao hauna. Mvinje wa ufukweni kwetu, ambao si wa jamii ya kunde hata kidogo, unavyo, kwa ubia na kijidudu cha aina nyingine kiitwacho Frankia. Mvinje huo ndio René Haller aliupanda kuanzia mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Miti ikaota, lakini majani yake membamba, yaliyojaa tanini, yakarundikana bila kuoza. Vilikuwa virutubisho vilivyofungiwa. Aliyevifungua ni jongoo, aliyeletwa makusudi, akayala na kuyageuza udongo. Naitrojeni kwenye jani ni ahadi. Mpaka liozeshwe, hakuna aliyelipwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa maafisa ugani, walimu wa shule na wote wanaogawa miche katika vijiji vya Pangani. Vipeperushi vyenu vina picha ya mti, jina lake na sifa zake. Ongezeni mwezi. Andikeni mwezi wa kukata kwa ajili ya shamba, mwezi wa kukata kwa ajili ya zizi, na mwezi wa kutokukata kabisa. Na mkulima anayenisoma, kabla hujauza samadi yako kwa mwenye bustani wa mjini, jua unauza nini: naitrojeni mti wako utaifuata hewani mvua zikirudi, lakini fosforasi ikishapanda gari na kuvuka mto haina mti wa kukurudishia.